Ukitaka usalama wa mtandao, usikimbie hesabu

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ameniandikia wiki hii. Amepata sapu (mtihani wa marudio) ya hesabu za diskriti, zile za namba kamili na mantiki, anaogopa kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, na anauliza kama kuna chuo angesomea usalama wa mtandao bila hesabu. Wanaouliza hivyo ni wengi, na kila mara inaniuma, maana wanalikimbia somo lile lile litakalowatofautisha na mtu anayebonyeza tu programu zilizoandikwa na wengine.

Mdogo wangu, chukua karatasi. Kompyuta iache imezimwa kwanza.

Saa unajua kuisoma. Saa tisa ukiongeza saa tano unapata saa mbili, kwa kuwa 14 ukigawanya kwa 12 inabaki 2. Hesabu ya baki ndiyo hiyo, na RSA, mfumo wa kufunga ujumbe ambao Rivest, Shamir na Adleman waliutunga mwaka 1977, umesimama juu yake. Chagua namba tasa mbili, 11 na 17. Zizidishe upate 187. Hiyo kila mtu aione. Punguza 1 kwenye kila namba tasa, kisha zidisha: 10 × 16 = 160; hiyo ifiche. Tafuta namba ambayo haina kigawo cha shirika na 160 isipokuwa 1. Tuchukue 7; nayo kila mtu aione, ndiyo ya kufungia ujumbe. Ufunguo wa siri ni namba ambayo ukiizidisha kwa 7 na kugawanya kwa 160 inabaki 1. Ni 23, kwani 7 × 23 = 161.

Ujumbe wako uwe 9. Tunataka baki ya 9⁷ kwa 187. 9² ni 81. 9⁴ inabakisha 16. 9⁶ inabakisha 174. 9⁷ inabakisha 70. Tuma 70. Anayepokea anaipandisha 70 kwa kipeo cha 23 na anarudi kwenye 9. Hakikisha mwenyewe: 23 ni 16 + 4 + 2 + 1, na baki za 70 kwa vipeo hivyo ni 103, 135, 38 na 70; zizidishe. Wanaokwama hapa karibu wote wanasubiri namba ivimbe ndipo watafute baki. Tafuta baki kila unapomaliza kuzidisha mara moja.

Kosa jingine ni kuchagua 5 badala ya 7. Hapo ufunguo wa siri haupatikani kabisa: vigawe vya 5 ukivigawanya kwa 160 vinabakisha 0, 5, 10, 15 na kuendelea, na 1 haimo. Sasa washa kompyuta. Katika Python, lugha ya kuandikia programu, toleo la 3.8 au jipya zaidi, pow(7, -1, 160) itakupa 23, na pow(5, -1, 160) itakataa. Sababu unaijua kabla ya kuisoma kwenye skrini. Funguo za kazini zina biti 2048, yaani tarakimu 617 hivi, lakini hatua ni hizi hizi.

Ukifika kwenye kuandika programu, usitengeneze nywila wala funguo kwa moduli ya random ya Python. Mtu akiona namba zake 624 mfululizo, za biti 32 kila moja, anaweza kukokotoa zote zinazofuata. Tumia moduli ya secrets.

Kwa mazoezi, laputopu ya RAM GB 8 inatosha. Weka VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, kisha mashine pepe mbili: Kali, ya kushambulia, uipe GB 2, na Metasploitable 2, ambayo imejaa matundu ya usalama kwa makusudi, uipe MB 512. Chaguo la biti 64 lisipoonekana, ingia BIOS, mipangilio inayofunguliwa kompyuta inapowaka, uwashe VT-x, au AMD-V kama prosesa ni ya AMD. Mtandao wa mashine zote mbili uwe host-only, yaani usitoke nje ya laputopu yako. Ukiweka bridged, inayoziunganisha na mtandao wa nje, yeyote aliye kwenye Wi-Fi ya hosteli anaweza kuingia kwenye ile yenye matundu. Piga snapshot, nakala ya hali ya mashine unayoweza kuirudia, kabla ya kushambulia, maana utaiharibu, na kuisakinisha upya ni kupoteza jioni nzima. Bando likiwa dogo, cheza Bandit, mchezo wa mazoezi wa tovuti ya OverTheWire, kupitia ssh (njia ya kuingia kompyuta ya mbali kwa maandishi), mlango (port) wa 2220. Ni maandishi matupu, haili data nyingi.

Usijaribu ujuzi huu kwenye mfumo wa matokeo wa chuo. Sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya 2018, zinahesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa hata kama hukuchukua kitu.

Sasa hiyo sapu. Usianze na madesa yote. Anza na kanuni ya Euclid, ya kugawanya na kugawanya tena kwa baki, leo, kwa namba tulizotumia. 160 = 22 × 7 + 6. Kisha 7 = 1 × 6 + 1. Rudi nyuma: 1 = 7 − 6, na 6 ni 160 − 22 × 7, kwa hiyo 1 = 23 × 7 − 160. Ile 23 imetoka hapo. Rudia kwa 13 na 23 kama namba tasa zako, uone 7 itakupa ufunguo gani.