Jambia lenye mizani: usilisugue

SWALI: Shikamoo mzee. Juzi nilinunua jambia la ofisa wa jeshi la Ujerumani la enzi za Hitler kwenye soko la mitumba hapa Wuppertal. Muuzaji alikuwa ameiziba swastika, ile alama ya Wanazi, kwa utepe. Mpini ni wa rangi ya chungwa iliyofifia, una ufa mdogo. Ala imepiga weusi, na kwenye ubapa kuna alama ya mizani na neno ALCOSO. Mke wangu anataka nilisugue ling'ae ndipo tulitundike sebuleni. Nitajuaje kama ni la kweli? (Msomaji, Wuppertal)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama watoto aiweke kando hiyo dawa ya kung'arishia. La kwanza nililolipata mimi nililisugua usiku mmoja kwa kitambaa na dawa ya shaba. Asubuhi fedha iliyopakwa juu ya nakshi za majani ya mwaloni ilikuwa imetoka kwenye kingo zote. Nikampelekea mkusanyaji mmoja mzee hapa Solingen. Alilitazama upande mmoja tu akanirudishia, hakusema neno. Kuna mambo fedha hairudishi. Weusi ule ndio umri wake, uache.

Sasa lipeleke dirishani. Ndani ya mdomo wa ala kuna vibamba viwili vyembamba vya chuma vinavyoubana ubapa usicheze. Jambia likichomolewa na kurudishwa miaka na miaka, vibamba hivyo huchora mistari myembamba kama unywele, kutoka karibu na mpini kuelekea nchani, pande zote mbili. Ligeuze polepole mpaka mwanga uikamate. Ubapa uliokwanguliwa ovyo kwa msasa ili uonekane mkuukuu hauna mistari iliyonyooka namna hiyo. Kisha tazama manyoya ya tai aliye kwenye kikingio cha mpini: kwenye nakala bandia nyingi za kumimina yamefifia kama sabuni iliyotumika.

Ufa usikutishe. Jambia la maofisa wa nchi kavu lilianza mwaka 1935, na mipini mingi ilivikwa seluloidi, aina ya plastiki ya zamani, nyeupe hadi rangi ya chungwa. Seluloidi husinyaa na kupasuka, kwa hiyo usilitundike karibu na hita wala juani. Ubapa upake mafuta mepesi, basi. Na usilinoe! Lilikuwa vazi la sherehe, halikutengenezwa likate kitu.

Hata hivyo uwe macho: baada ya vita, hapa hapa Solingen, vipuri vilivyobaki viliunganishwa yakawa majambia ya kuwauzia askari wa Marekani. Kila kipande cha kweli, jambia lenyewe halikuvaliwa na ofisa yeyote. Kwa hiyo angalia kama pete za ala, ala yenyewe na mpini vimechakaa kwa kulingana.

Kuhusu sebule, nyumbani kwako sheria haikukatazi kuwa nalo. Ila swastika usiionyeshe hadharani, na picha yake usiirushe mtandaoni kwa fahari. Hapa Ujerumani hilo ni kosa la jinai. Ukitaka kulipeleka kwa mjuzi, lifungie kwenye sanduku lenye kufuli.

Mizani yako ndiyo iliyonifanya niijibu barua hii kwanza. ALCOSO ni Alexander Coppel, Solingen: kiwanda cha familia ya Kiyahudi, kilichoanza mwaka 1821. Wanazi walipotawala, familia ilipokonywa mali yake, lakini jina la biashara likaendelea kupigwa kwenye majambia yaliyovaliwa na maofisa wa dola ile ile. Mjukuu wa mwanzilishi, naye akiitwa Alexander Coppel, alipelekwa kambi ya Wanazi ya Theresienstadt mwaka 1942 akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, akafia huko mwaka huo huo. Leo shule moja hapa mjini inaitwa kwa jina lake.

Langu lenye mizani silitundiki. Liko kwenye droo, na kwenye pete ya ala nimelifungia kikaratasi chenye jina la mzee huyo.