Bibi haoni kwenye kioo cha simu: nilivyorusha iPhone kwenye TV isiyo ya Apple

Bibi yangu anaishi Tanga, Chumbageni, na macho yake yamepungua nguvu. Ukimpa simu atazame picha ya kitukuu wake aliyeko Muscat, anaisogeza mpaka karibu na pua, anaiinamisha huku na huku, kisha anakurudishia: "Mashallah, mzuri." Idi iliyopita nilimwonyesha picha zote alizotuma dada, akazisifu moja moja. Jioni nikamsikia jikoni akimwuliza shangazi kwa sauti ya chini kama mtoto kavaa kanzu au kaptula.

Iliniuma sana. Na pale sebuleni kwake ukutani ipo TV ya inchi 43 waliyomnunulia wajomba. Nikasema leo hii hii Bibi atamwona mtoto.

Mimi natumia iPhone. Kwangu Dar nina TV ya Samsung, na kurusha kioo cha simu kule ni kugusa mara mbili tu, nikadhani ni hivyo kila mahali. Kwa Bibi nikagusa, simu ikatafuta, ikatafuta, haikuona kitu. Siku mbili nilihangaika na jambo ambalo sasa nalimaliza kwa dakika tano, na hizo siku mbili ndizo nataka kumwokolea mwenzangu anayesoma hapa.

Cha kwanza kujua ni kwamba TV na simu lazima ziongee lugha moja. Neno "smart" kwenye boksi la TV halikuambii ni lugha gani. Zinazotumika sana ni tatu. Kuna AirPlay, ambayo ni ya Apple. Kuna Google Cast, ile iliyokuja na Chromecast, kidude cha Google cha kuchomeka kwenye TV, mwaka 2013 na sasa imo ndani ya TV zenye mfumo wa Google. Halafu kuna Miracast, iliyotolewa mwaka 2012 na umoja wa makampuni unaosimamia Wi-Fi. Hii ndiyo imo kwenye simu nyingi za Samsung, Tecno, Infinix na Xiaomi, na kwenye TV nyingi za bei nafuu. iPhone haijui Miracast hata neno moja. Haijalishi ni mpya kiasi gani au ya bei gani. Kwa hiyo jirani mwenye Tecno akirusha kwenye TV yako papo hapo, wewe mwenye iPhone usihitimishe kwamba simu yako mbovu.

Apple walifungua mlango kidogo Januari 2019, walipotangaza kwamba AirPlay 2 itaingia kwenye TV za Samsung, LG, Sony na Vizio. Ndiyo maana TV yangu ya Dar inakubali. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, chukua rimoti, ingia kwenye mipangilio ya TV, pekua mpaka mwisho ukitafuta neno AirPlay. Likiwepo, liwashe, kisha kwenye simu telezesha kidole kutoka kona ya juu kulia (kwa iPhone zenye kitufe cha duara ni kutoka chini kwenda juu), gusa alama ya mistatili miwili iliyopandana palipoandikwa Screen Mirroring, chagua jina la TV, andika namba zitakazotokea kwenye TV. Basi. Neno hilo lisipokuwepo, endelea kusoma.

TV ya Bibi haikuwa nalo. Inatumia mfumo wa Google, yaani inaongea Google Cast. Sasa hapa watu wengi wanachanganya vitu viwili, na mimi nilikuwa mmoja wao. Kuna kuakisi kioo chote cha simu, kila unachogusa kionekane kwenye TV. Na kuna kuiagiza TV: unafungua YouTube kwenye simu, unagusa ile alama ya mstatili wenye mawimbi kwenye kona, na simu inaiambia TV, "video ni hii, kaichukue mwenyewe." Baada ya hapo TV inavuta video yenyewe kutoka intaneti, na simu inabaki kuwa rimoti. Unaweza hata kuizima kioo na kuiweka mfukoni. iPhone inaiagiza TV ya Google vizuri kabisa kupitia programu zenye alama hiyo, kama YouTube, Google Photos na VLC. Kinachogoma ni kuakisi kioo chote, kwa sababu Google Cast haimo ndani ya mfumo wa iPhone wenyewe.

Kama haja yako ni YouTube tu, au mawaidha, au mechi iliyowekwa huko, huna haja ya kuakisi kitu. Tumia alama ile. Picha itakuwa safi zaidi na betri ya simu haitaungua. Mimi haja yangu ilikuwa picha za WhatsApp, na zaidi ya hapo, Bibi aongee na dada akimwona. Hapo kuakisi ndiyo njia.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukimbilia duka la programu ndani ya simu. Andika "mirror" uone zitakavyomiminika, zote zina nyota nyingi. Nilipakua moja, ikaniambia siku tatu bure. Sikuona maandishi madogo kwamba baada ya hapo inakata kila wiki. Iliendelea kukata mpaka nilipofungua ujumbe wa benki. Nasema kwa moyo wote: programu yoyote inayotaka kadi yako kabla hata hujaona picha kwenye TV, iache. Na kama umeshaingia, kuifuta kwenye simu hakusimamishi malipo. Lazima uingie kwenye mipangilio, uguse jina lako juu kabisa, ufungue orodha ya usajili, uusitishe humo.

Kosa la pili ni kile kidude cha kuchomeka nyuma ya TV kwenye tundu la HDMI. Nilikinunua Kariakoo safari iliyotangulia, boksi limeandikwa kinafaa simu zote. Kijana wa dukani alinijaribishia kwa simu yake ya Android, kikawaka vizuri. Kwa iPhone yangu kiligoma kabisa. Ukinunua kitu cha namna hiyo, sisitiza kijaribiwe kwa simu yako uliyonayo mkononi, palepale dukani, na muuzaji mwenye haki hatakasirika.

Kilichofanya kazi kilikuwa rahisi kuliko vyote: programu haikutakiwa kuwa kwenye simu, ilitakiwa kuwa kwenye TV. TV yenye mfumo wa Google ina duka la Play. Humo nikapakua AirScreen, ambayo kazi yake ni kuifundisha TV kuitikia AirPlay. iPhone ikaiona kama vile inaona TV ya kwangu Dar, kwa ile ile alama ya mistatili miwili, bila kuweka chochote kwenye simu. Toleo la bure linatosha kujaribu kabla hujafikiria kulipa. Na kama TV yako ni zile za bei nafuu zenye Android isiyo na duka la Google, angalia kati ya programu ilizokuja nazo. Nyingine zina EShare, nayo inapokea iPhone.

Lakini hata AirScreen ilipokuwa tayari, simu bado haikuiona TV kwa saa nzima. Sehemu hii ndiyo inayowashinda wengi, na sijaona ikielezwa vya kutosha.

Simu na TV lazima ziwe kwenye Wi-Fi moja. Kwa Bibi hakuna ruta. TV ilikuwa imeunganishwa kwenye hotspoti ya simu ya binamu yangu, na mimi nilikuwa natumia data ya laini yangu. Kwa macho yangu wote tulikuwa kwenye intaneti. Ila kuwa kwenye intaneti si kuwa nyumba moja. TV iliita ndani ya chumba chake, simu yangu ilikuwa chumba kingine. Nilipojiunga na hotspoti ya binamu, jina la TV likatokea hapo hapo.

Ukishajiunga na bado hakuna kitu, angalia haya kabla hujalaumu kifaa. VPN, yaani ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mbali, ikiwa imewashwa, izime. Inaibeba simu nje ya nyumba. Kama unatumia programu ya kuagiza TV, iPhone tangu mwaka 2020 huuliza kama programu inaruhusiwa kuona vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani, na wengi wetu hugusa kukataa bila kusoma. Nenda kwenye mipangilio, upande wa faragha, palipoandikwa Local Network, uirudishie ruhusa. Na kama uko gesti au hotelini, huenda mtandao wao umewekwa ili mgeni mmoja asione kifaa cha mwingine. Huo ni ulinzi mzuri kwa wageni, na hakuna utakachobonyeza kuubadilisha. Washa hotspoti ya simu nyingine, TV na simu yako zijiunge nayo.

Kuhusu bando, watu wananiuliza sana. Picha au video iliyoko ndani ya simu, ukiirusha kwenda kwenye TV kwa njia hii, haipiti intaneti. Inatoka simu kwenda TV humo humo sebuleni. Haili bando. Kinachokula ni kile unachovuta kutoka nje, kama YouTube au simu ya video. Ila jihadhari na TV yenyewe: ikishaonja hotspoti inaweza kuanza kujisasisha kimyakimya na kumaliza bando la mtu. Kwa Bibi tunapotazama picha tu, binamu huzima data na kuacha hotspoti ikiwaka. Simu yake inakubali hivyo. Jaribu na yako, maana si zote zinakubali.

Nyumba za kwetu pwani zina jambo lake jingine. Kuta za zamani za mawe ya matumbawe ni nene, na mawimbi ya Wi-Fi ya gigahezi 5 yanachoka haraka kuzipenya. Picha ikikatakata, kwanza sogeza ruta au simu yenye hotspoti iingie chumba kimoja na TV. Ikishakuwa chumba kimoja, hiyo 5 ni bora kuliko 2.4, ambayo imejaa vifaa vya majirani.

Waya pia ni jibu halali, na siuonei aibu. iPhone 15 ya mwaka 2023 na zilizofuata nyingi zina tundu la USB-C linalotoa picha moja kwa moja. Waya wa USB-C kwenda HDMI unatosha. Za nyuma yake zinataka kiunganishi cha Lightning, lile tundu la zamani la iPhone, na vile vya bei rahisi mara nyingi haviamki mpaka uvichomekee chaji. Kwa mzee anayekaa peke yake na mjukuu wa jirani wa kumsaidia, waya una shida chache kuliko Wi-Fi.

Filamu za Netflix usihangaike kuziakisi. Walishaondoa AirPlay mwaka 2019, na video zenye ulinzi wa hakimiliki huleta weusi mtupu. Fungua programu ya kwenye TV yenyewe.

Sasa niseme kuhusu ile simu ya video, maana ndiyo iliyonifikisha hapa. Ukiakisi WhatsApp wakati wa maongezi, picha inakwenda kwenye TV lakini sauti ya maongezi inabaki kwenye simu. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika. Tena, nilimpa Bibi simu mkononi, naye akawa anatazama ukutani, ikawa dada anaona sikio la Bibi tu. Tulichofanya ni kuisimamisha simu kwenye kigoda chini kidogo ya TV, imelala kwa upana ili picha ijae, kamera ikimwelekea Bibi. Akitazama TV, kwa dada inaonekana anamtazama yeye. Spika ya simu tunaiwasha mpaka mwisho na feni tunaipunguza. Picha huchelewa kidogo nyuma ya sauti, Bibi hajali.

Na kabla ya kuakisi, washa hali ya kutosumbuliwa. Ujumbe unaoingia unaweza kuandikwa kwenye TV mbele ya sebule nzima, ukiwemo wa benki, ukiwemo wa mtu aliyekuandikia siri yake akijua utaisoma peke yako. Unaitunza heshima yake pia. Ukimaliza, rudi kwenye ile alama ya mistatili miwili ukate kabisa, usiondoke tu.

Hatua zote nimemwandikia binamu kwa kalamu nene, karatasi iko ndani ya droo pamoja na rimoti, kwa sababu mimi siko Tanga kila wiki. Sasa hivi wanafanya bila mimi kila Alhamisi baada ya Magharibi. Juzi dada kanipigia kutoka Muscat. Bibi kamkatiza katikati ya salamu na kumwambia kifungo cha pili cha kanzu ya mtoto kimelegea, akishone kabla hakijadondoka.