Re: Mji mdogo unawezaje kuwa na timu kubwa ya vijana ya hoki ya barafu?

Mkuu, umeuliza kama kuna mji mdogo Kanada uliowahi kutamba. Upo: Swift Current, Saskatchewan, watu wasiofika 20,000. Timu yao, Broncos, iliingia ligi ya vijana ya magharibi mwa Kanada mwaka 1967, ikahamia mji wa Lethbridge 1974, ikarudi nyumbani 1986 ikimilikiwa na wananchi wenyewe. Msimu huohuo, tarehe 30 Desemba, basi lao liliteleza kwenye barafu likapinduka. Wachezaji wanne walifariki. Joe Sakic, nyota wa baadaye wa timu ya Colorado Avalanche katika ligi kuu ya hoki, NHL, alinusurika. Mei 1989 wakabeba Memorial Cup, kombe la ubingwa wa timu za vijana Kanada, wakiwafunga wenyeji wa fainali, timu ya Saskatoon, 4-3 katika muda wa nyongeza. Kwangu mimi hiyo inazidi ubingwa wowote wa timu za miji mikubwa.