Mheshimiwa Ajibu: Ghorofa, Mitaro na Kiwanja cha Watoto

Maswali yameongezeka tangu mvua ianze, na wengi wenu hata si wa wadi yangu. Si neno. Nairobi ina wadi 85, na shida za Eastlands, mitaa ya mashariki mwa jiji, hazijui mpaka. Nimechagua machache.

Mheshimiwa, jirani amebomoa nyumba ya chini, sasa yuko ghorofa ya tano. Jua halinifikii na choo kinarudisha maji. Nifanyeje? – Mkazi, Umoja

Ungeniandikia alipokuwa akichimba msingi. Kila mara malalamiko haya hunifikia slabu ya tatu ikiwa imeshamwagwa, na nimechoka kuyapokea yakiwa yamechelewa. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka kila anayejenga awe na kibali cha kaunti, na anapokiomba autangazie umma mradi wake ili mwenye pingamizi aliwasilishe. Tangazo likibandikwa, lisome. Akipewa kibali na hujaridhika, una siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya upangaji, na baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Kwa sasa, nenda ukaangalie ubao wa mradi pale kwenye mabati. Kama hauna namba ya kibali, jina la mhandisi wala usajili wa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, piga picha, andika barua kwa idara ya upangaji na uniletee nakala. Kaunti ina uwezo wa kutoa notisi ya kusimamisha ujenzi. Usiishie kupiga simu. Barua iliyopigwa muhuri ndiyo itakayokusimamia mbele ya hakimu.

Kuhusu choo, Umoja na Buruburu zilianza kujengwa miaka ya 1970, nyumba za familia moja moja, na mabomba ya majitaka yakawekwa kwa hesabu hiyo. Leo ploti ile ile imebeba vyumba vya kupangisha hadi juu, na bomba halijapanuliwa. Nimesimama nyuma ya jengo moja asubuhi, saa ile watu wote wanaoga waende kazini, nikaona kifuniko cha shimo la majitaka kikiinuka na maji meusi yakitiririka hadi mlangoni pa chekechea. Mpangaji wa chini alikuwa ameziba tundu la bafu lake kwa gunia na jiwe. Huyo analipa kodi kila mwezi.

Na wapangaji, kabla ya kutoa depositi zungukeni jengo lote. Tazameni nyufa kwenye nguzo, tazameni kama kuna alama nyekundu ukutani ya kuonyesha jengo ni hatari. Ghorofa lililoporomoka Huruma Aprili 2016 lilikuwa kando ya mto na lilishaamriwa libomolewe, lakini watu waliendelea kuishi ndani. Zaidi ya 40 walikufa.

Basari za karo zinatoka lini? – Wengi mno

Zikitoka, fomu zitakuwa ofisi ya wadi na tangazo litakuwa mlangoni. Fomu ni bure. Anayekudai hela ili akujazie, niletee jina lake.

Mikutano ya kushirikisha umma ni ya wenye ploti. Mimi mpangaji nije kufanya nini? – Mpangaji, Pipeline

Uje kwa sababu wewe ndiwe unayeruka majitaka ukienda stejini. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi, hakikusema wenye ploti. Wakazi wengi wa jiji hili ni wapangaji, lakini ukiingia ukumbini utakuta viti vya mbele vimejaa wenye majumba na wakandarasi, na nyuma yao vijana walioletwa kupiga makofi. Hao ndio wanaoamua mtaro upite wapi na taa ziwekwe kwa nani. Halafu bajeti ikishapita ndipo simu yangu inalia usiku kucha. Hainisaidii, wala haikusaidii wewe.

Lakini kuna jambo moja mna haki nalo. Kikao kikiitwa Jumanne saa nne asubuhi, mtu anayefanya zamu Industrial Area hawezi kufika, na anayekiita hivyo anajua. Nimesema na nitazidi kusema: tukutane Jumamosi alasiri au Jumapili baada ya ibada, na stakabadhi za bajeti zitolewe mapema, kwa Kiswahili, si kurasa mia za Kiingereza zinazogawiwa mlangoni.

Usiku mmoja mabati yamezungushwa kiwanja cha watoto. Tunaambiwa mwenyewe ana hati. – Wazazi, Kayole

Msiogope neno hati. Kifungu cha 40 cha Katiba kinasema wazi kwamba haki ya kumiliki mali haihusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa kiholela, na mchezo haujaisha. Huanza na mabati. Baadaye hushushwa kontena la kuosha magari, kisha siku moja mnaamka mnakuta mawe na mchanga.

Itisheni ramani ya mtaa ilivyoidhinishwa. Ombeni kwa maandishi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Afisa ana siku 21 za kuwajibu. Ramani ikionyesha ni eneo la umma, peleka malalamiko kwa kaunti na Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na nendeni wengi. Msing'oe mabati kwa mikono, kwa maana mtakaoshikwa ni nyinyi.

Wako wanaoniambia uwanja wa mpira si jambo la kufia. Wangari Maathai alipopinga jumba la ghorofa 60 kujengwa katika bustani ya Uhuru Park mwaka 1989 alitukanwa hadi bungeni, na mwaka 1999 akapigwa hadi damu ikamtoka akitetea msitu wa Karura. Leo wanaokimbia Karura asubuhi ni wengi. Watoto wa Kayole hawana Karura. Wana kiwanja hicho kimoja cha vumbi, na wakikikosa watacheza barabarani kati ya matatu na boda boda. Hili nitalishikilia nanyi hadi mwisho.

Kanjo, askari wa kaunti, wamenifurusha na mboga zangu. Mbona hututetei? – Mama mboga, Donholm

Nakutetea, dada, na aliyekumwagia sukuma wiki chini amekosa. Kuondolewa si kuharibiwa mali. Lakini kibanda chako kilikuwa juu ya mtaro. Tulipofungua mtaro wa hapo tulitoa nepi, mifupa, viroba vya taka na godoro. Mvua za 2024 ziliua watu Mathare na kufurika mitaa mingi ya jiji hili, na mtaro ulioziba huzamisha kwanza nyumba za walio maskini zaidi. Njoo ofisini na wenzako tutafute nafasi sokoni, kwa majina na kwa maandishi. Na kuhusu soko, kaunti inawatoza kila siku, basi iwajengee vyoo.

Mashimo ya Outer Ring utaziba lini? – Dereva wa matatu

Hiyo iko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini ya serikali ya kitaifa. Barabara za ndani ya mtaa, nidai mimi.

Mulika mwizi, ile taa ya mlingoti, ya hapa kwetu imezimika. – Hakutaja mahali

Hapa kwetu ni wapi? Ujumbe wa namna hii hunifikia kila siku na siwezi kuupeleka popote. Niandikie jina la barabara, jengo au kanisa lililo karibu, na namba ya mlingoti kama ipo. Ukituma leo, kesho asubuhi itakuwa mezani kwa mhandisi wa taa.