Kwa Kijana Anayeanza Kutunga Mashairi

Vijana wanaoniletea tungo zao aghalabu huniuliza kama vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, vimetimia, nami huwarudishia swali jingine: umesoma mashairi ya nani, na ni yapi kati ya hayo unayoyajua kwa moyo? Ushairi wa Kiswahili ulilelewa na sikio. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, zilidumu vinywani mwa watu hadi zilipokuja kukusanywa na kuandikwa mwishoni mwa karne ya 19, na anayezipitia kwa macho tu, kimya kimya kama asomaye tangazo, hupoteza nusu ya utamu wake. Soma kwa sauti, tena zaidi ya mara moja, na uhifadhi beti unazozipenda hata kama bado hujazielewa zote.

Ukishazoea mapigo hayo, anza kutunga tarbia, yaani shairi lenye mishororo (mistari) minne katika kila ubeti, kila mshororo ukiwa na mizani (silabi) 16: nane za ukwapi, kipande cha kwanza, na nane za utao, kipande cha pili. Hesabu kwa vidole. Hata waliobobea hufanya hivyo. Ugumu hasa haumo katika hesabu, kwa kuwa hiyo hujifunzwa upesi, bali katika kishawishi cha kujaza nafasi. Tazama mshororo huu niliouunda kwa ajili ya mfano:

Mama yangu nakupenda, nakupenda sana sana.

Mizani zimetimia, lakini utao haukuongeza lolote juu ya ukwapi. Sasa tuubadilishe:

Mama yangu nakupenda, japo waraka huleti.

Idadi ya mizani ni ile ile, ila sasa pana mama aliye mbali, pana mtoto anayengoja, na pana lawama iliyofichwa ndani ya mapenzi. Msomaji atataka mshororo wa pili. Kila unapomaliza ubeti, ufute utao mmoja mmoja na ujiulize ni kipi kilichopotea. Kama hakikupotea kitu, utunge upya.

Jihadhari pia na kina cha "ni". Kwa kuwa karibu kila nomino ya kawaida hukubali kiambishi hicho ili kuonyesha mahali, nyumbani, shambani, mjini, moyoni, mtungaji hujikuta akifuata kina badala ya fikra. Jinyime kina hicho kwa muda, utashangaa jinsi msamiati wako utakavyopanuka. Inkisari nayo, yaani kufupisha neno, kama kuandika "alokuja" badala ya "aliyekuja", ni ruhusa ya kale ya washairi, wala haikuwekwa ili kumwokoa mvivu.

Wapo watakaokwambia kwamba vina na mizani ni pingu. Mabishano hayo yalipamba moto miaka ya 1970, na mashairi huru, yasiyofuata vina na mizani, yakapata nafasi yake kwa haki. Mimi sioni sababu ya kuyakataa, ingawa naona kwamba wengi wanaoyakimbilia mapema huandika nathari iliyokatwakatwa, kwa sababu hawajajua mstari unapaswa kukatika wapi na kwa nini.

Shairi likishakamilika, mpe mtu mwingine alisome kwa sauti mbele yako, bila kumweleza lolote, na uwe na kalamu mkononi. Kila anapokwama au kurudia neno, tia alama hapo hapo. Usimsahihishe wala usijitetee. Alama hizo ndizo kazi yako ya siku inayofuata.