Siku mgonjwa ni mwenzako

Wadogo zangu mnaoanza utarajali na uuguzi mwaka huu, karibuni kazini. Kila kundi jipya likiripoti wodini kwetu, kabla sijawaonyesha faili zinakaa wapi, huwa nawasimulia habari za Dk. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, Gulu, kaskazini mwa Uganda. Sikuwahi kuonana naye. Lakini kila nikiingia zamu ya usiku namkumbuka.

Alifika Lacor mwaka 1983 akiwa mtarajali kama ninyi. Baadaye vita iliukaba mkoa ule miaka na miaka, na usiku maelfu ya wanavijiji walikuja kulala ndani ya uzio wa hospitali kuwakimbia waasi. Ijumaa Kuu ya mwaka 1989 waasi walikuja kuwachukua masista wa Kiitaliano. Akawaambia wamchukue yeye. Walimswaga porini kama wiki nzima, akarudi, akaendelea na kazi.

Oktoba 2000 alikuwa Kampala na mkewe Margaret na watoto wao watano, akisomea shahada ya uzamili ya afya ya jamii Makerere. Simu ikaja kutoka Lacor: wanafunzi wa uuguzi wanakufa kwa ugonjwa usioeleweka. Angeweza kutoa ushauri kwa simu akabaki na familia na vitabu vyake. Akaondoka.

Hapa naomba mtulie. Alipofika hakukimbilia dawa. Alikaa usiku akifungua faili za marehemu moja baada ya nyingine, akitafuta kilichowaunganisha: homa, kutapika, damu, na wauguzi kuugua baada ya kuwahudumia wagonjwa. Kabla majibu ya maabara hayajarudi kutoka Afrika Kusini, tayari alikuwa ametenga wodi na kuwavisha watu wake kinga. Majibu yalisema Ebola. Ndugu zangu, faili mnaloliandika kwa haraka saa kumi alfajiri ili mkalale, kuna siku mtu atalisoma hivyo. Andikeni saa, andikeni joto, andikeni nani alimhudumia.

Wafanyakazi wakazidi kufa, na waliobaki wakaingiwa na hofu ya kweli. Alikaa nao, akawasikiliza, akabaki mstari wa mbele pamoja nao. Mlipuko ule uliwapata watu 425, wakafariki 224.

Yeye aliambukizwaje? Novemba, usiku, aliamshwa. Muuguzi wake, aliyekuwa amelazwa wodi ya kutengwa, alikuwa amezidiwa, anakohoa damu. Dk. Lukwiya akavaa gauni, glovu, kofia, barakoa. Macho yake akayaacha wazi. Mtu aliyewafundisha wengine namna ya kujikinga! Inaaminika hapo ndipo alipoambukizwa. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, akiwa na miaka 43, akazikwa hapo hapo hospitalini. Watu wake walisimama mbali na kaburi.

Nilipokuwa kijana nilidhani alisahau kwa uchovu tu. Sasa naona vingine. Mgonjwa usiyemjua utamvalia kila kitu sawasawa, maana unamwogopa. Siku utakayoteleza ni siku anayelia kitandani ni mwenzako uliyekunywa naye chai asubuhi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa muuguzi mwenzetu, anavuja damu baada ya kujifungua, baridi kama maji ya mtungi. Mshipa haupatikani. Nikavua glovu ili vidole vipapase vizuri zaidi. Mshipa niliupata, na sindano iliyotoka mkononi mwake ikanichoma kidole cha shahada. Nilikaa kimya hadi zamu ikaisha, kwa aibu, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko la glovu. Dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, na zisivuke saa 72. Nilizimeza siku 28. Jioni ile mwanangu alinikimbilia mlangoni nikiwa nimeshika kopo la vidonge nyuma ya mgongo, na mke wangu akaniona usoni kabla sijasema neno. Mwambieni wa nyumbani siku hiyo hiyo. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, ripoti papo hapo, hata kama anayepokea ripoti ni mkali.

Margaret alimpoteza mume, watoto watano wakampoteza baba. Mkivaa, mkumbukeni na yule anayewasubiri mlangoni.

Kesho mkiripoti, muulizeni sista wa zamu miwani za kinga zinawekwa wapi. Mkiambiwa zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameshaondoka, msikae kimya. Afuatwe ufunguo huo saa kumi na mbili jioni, kabla hamjauhitaji saa nane za usiku.