Shangazi, zamu za usiku zinanimaliza

Shikamoo Shangazi. Mimi ni muuguzi wodi ya wazazi, Morogoro. Usiku tunabaki wawili. Asubuhi nikishakabidhi zamu, kwenye daladala nasinzia hadi napitishwa kituo, lakini nikifika kitandani usingizi hauji, na jirani kafungulia redio. Siku hizi nawafokea hata kinamama walio kwenye uchungu. Je, naumwa?

Marahaba, mwanangu. Hilo la kufokea limenishtua kuliko usingizi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa hali ya mtu kuchoshwa na kazi hadi moyo unakuwa mkavu inatokana na msongo wa kazini, na haikuiita ugonjwa. Basi usikubali kuambiwa ni uvivu.

Mwili hufuata mwanga: ukitoka vaa miwani ya jua, dirishani tundika kanga mbili. Kahawa iishie saa 8 usiku. Mwombe mfawidhi zamu ziende asubuhi, mchana, kisha usiku. Na dai posho yako. Sheria ya Ajira ya 2004 inatambua usiku kuanzia saa 2. Jirani mpelekee maandazi kwanza, ndipo umwombe apunguze sauti.

Ukiona hata siku ya mapumziko huna hamu na lolote, muone daktari, ila asiwe yule mnayekunywa naye chai zamuni.